Timba Linalolia

Siku mliyoniaga kwa pilau, soda na saa ya ukutani isiyotembea (nimeshukuru, nimeitundika), mlinibana niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Nimekubali kwa masharti, maana sijawahi kukubali kitu bila masharti. Sitaandika habari za vyeo wala mishahara: za kwanza hazitawafaa, za pili zitawachekesha. Nitaandika habari za magogo yaliyooza, na hasa magogo ya duara moja la kuchimbia dhahabu huko Nyarugusu, ambayo hadi leo nikiyakumbuka lazima nivute pumzi kwanza ndipo niendelee.

Mimi ni mtoto wa Kahama, Nyahanga. Mama yangu aliuza mchele sokoni, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua mambo mawili: bei ya kwanza si bei, na kitu ukishakihesabu unazunguka upande wa pili unakihesabu tena. Mteja aliyehesabu mara moja ndiye aliyetulisha. Kwa hiyo nilipoajiriwa kituo cha misitu Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya sitini, nikadhani nitapelekwa porini kuhesabu miti, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Asubuhi ya kwanza nikakabidhiwa kwa Bwana Mashauri. Alikuwa mfupi, kaptula ya kaki imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate kwa ule mkunjo, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakisalimia. Juu ya meza yake palikuwa na kipande cha mti kilichonuka kama gunia la viazi lililosahaulika.

"Binti Athumani, huyu ni nani?"

"Shikamoo Bwana. Hilo ni gogo bovu."

"Marahaba. Sikukuuliza gogo. Nimekuuliza anayelila."

Nilikuwa na viatu vipya na njaa. Akanipa lenzi ya mkono iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akaniambia niivae shingoni, nisiivue hata kwa msiba. Nimeivaa miaka yote. Wanangu, Rehema na wenzake, walipokuwa wadogo walidhani ni hirizi, nami sikuwasahihisha, kwa sababu walikuwa wananiheshimu zaidi.

Mengi mnayosoma leo vitabuni nilifundishwa kwa pua na kisu. Mti, alisema Bwana Mashauri, umejengwa kwa vitu viwili vikubwa: nyuzi, na gundi inayoshikanisha nyuzi. Kuvu zinazoozesha mbao nazo ni koo mbili. Ukoo mmoja hula gundi na kubakiza nyuzi. Mti unakuwa mweupe, unachambuka kama pamba. Ukoo wa pili hula nyuzi na kuacha gundi. Mti unakuwa wa kahawia, unakatika vipande vya mraba kama udongo wa mbuga uliopasuka kiangazi. Wa kwanza mara nyingi hukupa muda. Wa pili unaweza kuliacha gogo limesimama linapendeza, kumbe halina nguvu ya kushika kofia.

"Na mla gundi haamki siku moja akaanza kula nyuzi," alisema. "Umewahi kumwona simba anachuma mchicha?"

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa na hasira. Hadubini ilitumia kioo cha kukusanya mwanga wa jua, kwa hiyo wingu likipita sayansi ilisimama. Kikaushio kilikuwa debe lenye jiko la mkaa chini yake. Sampuli ilikauka vizuri, na ukisahau ilikauka kupita kiasi ukawa na majivu yenye lebo. Tulikuwa na kichupa cha maji ya potashi. Unadondosha tone juu ya kuvu, unasubiri: nyingine hugeuka nyeusi, nyingine zambarau, nyingine zinakutazama tu. Matundu madogo yaliyo upande wa chini wa kuvu tuliyahesabu kwa lenzi, ni mangapi yanaingia katika milimita moja. Bwana Mashauri alitaka hesabu moja. Mimi nilimpa mbili, na zikipishana nilikataa kuandika. Mwanzoni alikasirika. Baadaye akaanza kunipa na zile alizohesabu yeye.

Tulichogombana zaidi ni majina. Sampuli ikifika, mtu wa kwanza kuiona huipa jina, na jina likishaandikwa kwenye karatasi kila mtu huliamini kama vile limeandikwa na malaika. Mimi nilikuwa nauliza: ni nani kasema? Alilinganisha na nini?

"Binti Athumani, hapa si sokoni."

"Bwana, hapa ni sokoni kabisa. Jina la kwanza ni bei ya kwanza. Anayelikubali bila kubisha anarudi nyumbani na mchele wenye mawe."

Alicheka hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo kila jina jipya likija alikuwa akiniita: "Njoo upunguze."

Miaka ya sabini ilipita hivyo. Kesi moja niliyoipenda ilikuwa ya paa la ghala la pamba ambalo wenyewe walisema linaliwa na mchwa, wakamwaga dawa hadi paka wote wa mtaa wakahama. Hapakuwa na mchwa hata mmoja. Palikuwa na bati linalovuja na kuvu mla gundi, mpole, mvivu. Tuliwaambia wazibe bati. Walitutazama kama watu waliokwenda kwa mganga wakaambiwa wanywe maji. Lakini waliziba, na paa lipo.

Sasa Nyarugusu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule wa kukosa kila kitu, sabuni ya mche ikiwa na heshima kuliko diwani. Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba dhahabu kwa maduara, yaani mashimo marefu yanayoshuka kuufuata mwamba, na kuta zake zinashikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Duara moja lilikuwa limeporomoka Jumapili, watu wakiwa kanisani. Matimba yake hayakuwa ya zamani. Wilaya ikatuomba tukaangalie ni nini kinachoyala.

Miaka ile mchimbaji mdogo na gari la serikali walikuwa panya na paka. Tulipotokea na Landrova yetu, watu wote walipotea. Zikabaki ndoo, sururu, na kiatu kimoja ambacho hadi leo najiuliza mwenyewe alifika wapi na kile cha pili. Aliyebaki ni mwanamke mmoja mnene kiasi, anasonga ugali kwenye sufuria kubwa.

"Wewe hukimbii?" nikamuuliza.

"Nikimbie na sufuria? Ugali uko motoni. Mkitaka kunifunga, subirini uive."

Huyo ndiye Mama Kulwa. Mumewe, Baba Kulwa, ndiye aliyekuwa na duara kubwa kuliko yote pale. Nikamwonyesha kipande cha sabuni, nikamwambia hatukuja kufunga mtu, tumekuja kuona magogo. Akageukia kichaka akamwita mumewe kwa Kisukuma: "Ngosha! Toka huko, hawa ni wa miti!" Kichaka kikatoa mwanamume mrefu, mwenye vumbi hadi kwenye kope, akijipangusa kana kwamba alikwenda kule kwa hiari yake.

Tukasalimiana vizuri. Kisha nikaomba kushuka katika duara lake.

"Mwanamke haingii duarani, mama," alisema Baba Kulwa. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Wala hasogei mdomoni. Dhahabu itakimbia."

"Itakimbilia wapi?"

"Hilo hatujui. Ndiyo maana hatujaribu."

Bwana Mashauri naye alikuwa na goti bovu, ngazi za kamba hakuziweza. Basi tukapatana: wao washuke, watuletee kipande chenye kuvu. Nilitoa nusu ya mche wa sabuni, wakaleta kipande chembamba cha mtundu, ule mti wa miyombo, kimepakwa oili chafu ya magari, na ubavuni kimebandikwa kuvu bapa ya kahawia kama chapati iliyotupwa ukutani. Kuipandisha kulichukua muda, na jua la mchana liliikausha kabla haijafika mkononi mwangu.

"Ni ya timba lipi?" nikauliza.

"La chini kabisa. Lile linalolia."

Nikaandika kwenye lebo: *Timba linalia.* Nyote mnajua gogo kulia ni nini. Lango bovu linalia, kitanda kinalia, daraja linalia lori likipita. Bwana Mashauri alipoisoma ile lebo akaongeza kwa mkono wake: *Hutoa sauti, uzito umezidi.* Tukarudi Shinyanga tumeridhika.

Tuliihesabu matundu, tukaipima, tukadondosha potashi. Ikageuka nyeusi yenye wekundu kidogo. Usoni ilikuwa na vishimo vidogovidogo vyenye ukingo mweusi. Tukaikausha zaidi, tukaituma ng'ambo kwa mtaalamu mmoja ambaye alikuwa na makabati ya kuvu za Afrika nzima. Jibu likaja baada ya masika. Alitushukuru kwa uungwana, akasema ni kuvu inayojulikana, mla gundi, hukaa kwenye magogo yaliyokufa, huozesha taratibu, haina haraka. Vile vishimo, alisema, ni wadudu walionja. Kwa maana hiyo matimba yalikuwa na miaka mingi mbele yake.

Bwana Mashauri akaniita. "Njoo upunguze."

Nikakichukua kile kipande cha mti, si kuvu, mti wenyewe, nikakivunja kwa vidole. Hakikuchambuka kama pamba. Kilikatika mraba. Nikakivunja tena upande wa pili. Mraba.

"Bwana, bei hii siitaki."

Naye alikivunja, akakinusa, akakaa. "Simba anachuma mchicha," akasema polepole. "Au si simba." Kisha akachukua lenzi yangu, nikiwa bado nimeivaa, akanivuta na shingo yangu hadi mezani, akatazama vile vishimo muda mrefu. "Mdudu akitafuna huacha kingo zilizochanika. Hizi ni laini. Hapa palikaa kitu, kikakauka. Yule mzungu hakukosea, Binti Athumani. Tulimpelekea maiti, akatuambia inafanana na nani. Tunahitaji aliye hai."

Na wakati tunazungumza hivyo, kama kuvu ile ilikuwa mla nyuzi, basi watu wa Baba Kulwa walikuwa chini ya magogo yasiyoweza kushika kofia. Nilisafiri siku iliyofuata. Bwana Mashauri goti lilikuwa limevimba, akabaki. Alinipa kichupa cha potashi na kisu chake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Safari hii hawakukimbia. Mama Kulwa alikuwa nyuma ya kibanda anafua, nami nikavuta kigoda nikamsaidia kukamua, kwa sababu mtu mwenye mikono majini huongea ukweli.

"Mama Kulwa, lile timba linalolia, sauti yake ikoje? Ni kama mlango, au kama mtu anayekoroma?"

Akaniangalia. "Sauti gani?"

"Si linalia?"

"Linalia machozi, Mama Rehema! Mwee! Timba gani lina koo?" Akacheka hadi akakalia maji. "Linatoa machozi. Linamdondokea mume wangu mgongoni siku nzima. Hebu ona mashati yake."

Alinyanyua shati kutoka kwenye beseni. Mabegani na mgongoni lilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, mviringo mviringo, kama limenyeshewa chai ya rangi.

"Hayatoki haya. Nimesugua sabuni yako yote. Nimelisugua na majivu. Hayatoki!"

Nikatoa kichupa. Nikadondosha tone moja la potashi juu ya doa. Likageuka jeusi, ukingoni likapiga wekundu. Nikajaribu doa la pili. Jeusi, na wekundu. Nikajaribu mahali pasipo na doa. Shati lilibaki shati.

Basi vile vishimo vilikuwa makaburi ya machozi. Kuvu ilikuwa ikitoa matone ikiwa hai kule chini kwenye unyevu. Ikipandishwa juani matone yanakauka, yanabaki mashimo yenye ukingo mweusi, na mtaalamu anaona wadudu. Neno moja la Kiswahili lilikuwa limebeba mizigo miwili, nasi kituoni tukapokea ule usio wetu.

"Hayo matimba yanayolia," nikasema, "yako mangapi huko chini?"

"Yapo kwa wingi. Yeye anayachagua hayohayo."

"Anayachagua?"

Hapo ndipo Baba Kulwa alipofika kula, akasikia, akajibu mwenyewe kwa majivuno. "Timba linalolia halijafa, mama. Bado lina maji ya mti. Timba kavu linavunjika; lililo hai linapinda, linakupa taarifa. Yakianza kulia juu, tunayashusha kule chini kabisa, kwenye mwamba. Pale tunahitaji yenye nguvu."

Niliwahi kusikia mambo mengi sokoni, lakini sijawahi kusikia mtu akichagua yai viza kwa sababu lina uzito. Na mtu mwenyewe hakuwa mjinga. Mti ukitoa majimaji ni mbichi. Kila mtu kwa Wasukuma anajua hivyo, hata mimi ningesema hivyo. Ila yale hayakuwa machozi ya mti. Yalikuwa ya anayeula.

Nikamweleza. Akanisikiliza akitafuna.

"Kwa hiyo tuache kazi," akasema. "Sasa, tukiwa tumeufikia mwamba. Kwa ajili ya shati."

"Kwa ajili ya kaka na wadogo zako."

"Mama Rehema, wewe hujawahi kushuka. Mimi nimeyagonga kwa nyundo. Magumu."

Ugumu huo nilikuwa nauelewa: oili chafu ililinda ganda la nje, na kuvu ilikuwa imeingilia kwenye ncha zilizokatwa na kupita katikati. Lakini maelezo hayamshushi mtu mzima kutoka kwenye imani yake. Kinachomshusha ni dau.

"Chagua timba moja," nikamwambia. "Unaloliamini kuliko yote, katika yanayolia. Weka jipya mahali pake, ulipandishe hapa juani. Nitalichoma kwa kisu hiki mara moja. Kisu kikigoma, nakuachia sabuni, naondoka, hutaniona tena."

"Sabuni kiasi gani?"

"Mche mmoja."

"Miwili."

"Mmoja na nusu."

"Na kisu kikiingia?"

"Wote wanapanda juu, na hashuki mtu mpaka matimba yamebadilishwa."

Akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa kama gome.

Walilipandisha alasiri kwa kamba za katani. Lilikuwa zuri, sisemi uongo: nene, jeusi, zito hadi wanaume wanne waliguna. Watu wakajaa. Mmoja akasema atanunua sabuni ile kwangu kabla sijapoteza. Baba Kulwa akaligonga kwa nyundo, likaitika vizuri, naye akanitazama kama baba wa bibi harusi.

Nilishika kisu cha Bwana Mashauri. Nilijua kwamba nikikosea mahali, hakuna atakayenisikia tena mpaka siku ya kufukua. Nikaweka ncha katikati ya gogo, nikagandamiza. Kikasimama kwenye ganda la oili. Hakikuingia hata upana wa ukucha.

Kelele! Mtu akapiga mluzi. "Sabuni hiyo!"

"Bado sijachoma," nikasema. "Nimeweka tu."

"Umechoma, mama!"

"Kuweka na kuchoma ni vitu viwili. Muulize mkeo: kuweka chungu jikoni na kupika ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja," alisema Mama Kulwa kwa sauti kubwa kutoka nyuma.

Wakacheka, na katika kile kicheko nikapata nafasi ya kulipapasa gogo lote. Nilipata ile chapati ya kuvu, na juu yake, kwa sababu gogo lilikuwa bado na unyevu wa chini, palikuwa na tone moja la rangi ya asali, halijakauka. Sikuwahi kuliona kabla ya hapo. Nikakaa nalo kidogo, uso kwa uso, watu wakidhani nasali. Kisha nikaweka ncha ya kisu palepale, nikakiegemea.

Kiliingia hadi mpini. Nikakizungusha, na ubavu wa gogo ukafunguka, ukamwaga vipande vya mraba vya kahawia miguuni pa Baba Kulwa.

Hakuna aliyepiga mluzi. Baba Kulwa aliinama akaokota kipande, akakifikicha kikawa unga. Akajaribu kingine. Kisha, maana naye alikuwa mtu wa sokoni kama mimi, akaanza:

"Tubadilishe yale ya chini."

"Yote."

"Nusu sasa, nusu baada ya kuutoa mwamba."

"Baba Kulwa, mimi napunguza kila kitu. Hapa sipunguzi."

Akageuka, akaenda mdomoni mwa duara, akaita. Wakaanza kupanda, mmoja mmoja, macho yamefumbwa kwa jua. Niliwahesabu wakitoka, nikawahesabu walipokaa. Alikosekana Masanja, mdogo wake Baba Kulwa.

"Masanja! Panda!"

Sauti ikatoka mbali chini: "Namalizia kiroba!"

"Acha kiroba!"

"Kidogo tu, kaka!"

Tukasubiri. Mchanga ukashuka kwa kishindo kidogo. Baba Kulwa akashika kamba aanze kushuka mwenyewe, na mimi nikaona tunarudisha mtu chini badala ya kumtoa. Ndipo Mama Kulwa alipoweka mwiko chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akatembea moja kwa moja kati ya wanaume wale hadi mdomoni mwa duara, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama. Akainama, akaita kwa Kisukuma, kwa sauti ya mama anayeita mtoto ale. Sikuyajua maneno yote. Niliambiwa baadaye alisema: "Shemeji, ni mimi, niko hapa juu, na sasa naja huko."

Wanaume waliganda. Chini tukasikia kiroba kikianguka. Masanja alipanda ile kamba kama nyani aliyeona chui, akatokeza kichwa, akamwona shemeji yake kwa macho yake.

"Mwee! Umeikimbiza dhahabu!"

"Na wewe nimekukimbiza," alisema Mama Kulwa. "Kaa, ugali unapoa."

Nikahesabu tena. Walitimia. Niliketi kwenye kigoda kile cha kufulia, nikaletewa sahani.

Duara halikuporomoka. Najua mnasubiri niseme liliporomoka dakika ileile, lakini halikuporomoka. Walianza kubadilisha kutoka juu, wakishuka na mbao mpya, na kila timba lililokuwa likilia lilipotolewa, kisu kilizama. Walinilaani mwezi mzima kwa kazi ile. Hiyo ndiyo adha ya kazi yetu, vijana, muizoee mapema: ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina shahidi.

Kuvu tuliipeleka ng'ambo upya, safari hii ikiwa na mti wake, na maelezo ya matone, na kipande cha shati nilichokipata kwa sabuni mche mzima, kwa sababu Mama Kulwa naye alikuwa amejua bei. Yule mtaalamu aliandika haraka. Alisema hajawahi kupokea shati. Alisema alikuwa amefungua kabati zake zote akalinganisha, na kwamba ile haikuwa na ndugu wa karibu aliyekwisha kupewa jina. Alifurahi kukosolewa kuliko wengi ninaowajua wanavyofurahi kusifiwa. Tukabaki na kazi ya jina. Yeye alipendekeza jina la mahali. Bwana Mashauri akapendekeza jina langu. Nikakataa, sitaki kuitwa kila mbao inapooza. Tukakubaliana iitwe yenye kulia. Mtaalamu akauliza: yenye kulia machozi, au yenye kulia sauti? Kilatini, kumbe, kina maneno mawili. Bwana Mashauri alisoma barua ile mara mbili, akasema, "Lugha maskini. Inatumia maneno mawili kwa kazi ya moja." Lakini tulichagua machozi.

Sampuli mama, ile ambayo nyingine zote zitalinganishwa nayo, imo kwenye kabati kule ng'ambo, na pacha wake yumo kwenye droo ya chini ya kituo chetu. Msiikaushe tena.

Nilikwenda Nyarugusu mwishoni mwa mwaka ule kuwaambia. Walikuwa wanafanya kazi, matimba mapya yananukia. Baba Kulwa akasikiliza habari za jina, akalitamka vibaya, akauliza: "Kwa hiyo yule mlaji ameandikwa kwenye kitabu Ulaya. Na sisi tulioliwa je? Sisi hatukuandikwa popote?"

Nilikuwa natafuta jibu la busara. Mama Kulwa hakutafuta.

"Mwezi wa kumi na moja," aliniambia mimi, si yeye, "padre anasoma majina ya waliokufa mwaka huo. Kila mtu anapeleka majina yake. Nilikaa nikayasikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja wa duara letu."

"Na mimi nilikuwepo," alisema Baba Kulwa.

"Ulikuwepo benchi la nyuma, unakoroma. Watu wanageuka. Dada wa kwaya akanikonyeza nikuamshe."

"Ukaniamsha?"

"Nikuamshe kwa nini?" alisema Mama Kulwa. "Nilikuacha ukorome."